Kupanga Kazi ya Maisha Katika Soko la Ajira Linalobadilika: Mwongozo kwa Vijana na Familia za Morogoro

Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Nne yanapotangazwa, swali lile lile huingia katika nyumba za waamini wetu, kuanzia Kihonda na Msamvu hadi Mgeta, Matombo na Kinole: mtoto huyu sasa afanye nini? Swali hili hubeba matumaini ya wazazi, akiba ya ukoo na, kwa familia nyingi za milimani, hatima ya shamba lililorithiwa kwa upande wa mama tangu enzi za mababu. Familia inayolijibu kwa haraka inaweza kuuza ardhi ili kulipia masomo ambayo hayakupimwa, na baada ya miaka mitatu ikampokea nyumbani kijana mwenye cheti, deni na aibu. Shamba likishauzwa halirudi.

Katika makala hii tunapenda kutafakari pamoja nanyi, wapendwa waamini, namna ya kupanga kazi ya maisha kwa busara na imani, katika nyakati ambazo njia zilizowafikisha wazazi kwenye ajira hazipo tena kama zilivyokuwa.

Kazi katika Mafundisho ya Kanisa

Mama Kanisa amelizungumzia suala la kazi kwa kina tangu Papa Leo XIII alipochapisha Waraka wake Rerum novarum, tarehe 15 Mei 1891, akitetea haki za wafanyakazi wa viwandani. Miaka tisini baadaye, tarehe 14 Septemba 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II alitoa Waraka Laborem exercens, akifundisha kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na utu wa yule anayeifanya, kabla ya aina ya kazi yenyewe. Baba Mtakatifu Leo XIV naye, siku mbili baada ya kuchaguliwa kwake tarehe 8 Mei 2025, aliwaeleza Makardinali kwamba alichagua jina hilo hasa kwa kumkumbuka Leo XIII, kwa kuwa dunia ya leo inakabiliwa na mapinduzi mengine ya viwanda, yakiwemo maendeleo ya akili unde, ambayo yanagusa utu, haki na kazi ya binadamu.

Mafundisho haya yana matokeo mawili katika maisha ya kila siku. Kwanza, mama anayepalilia karoti Nyandira na mhasibu aliyeketi ofisini mjini wana heshima sawa mbele ya Mungu, na hakuna kazi halali inayostahili kudharauliwa. Pili, kijana ambaye bado hajapata kazi hajapoteza utu wake, wala hapaswi kutazamwa katika familia kama hasara. Ndiyo maana kupanga kazi kunapaswa kuanza kwa kumtazama mtu mwenyewe, karama zake, afya yake, majukumu yake na wito wake, kabla ya kutazama cheo na mshahara.

Soko la Ajira Lilivyobadilika Mbele ya Macho Yetu

Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, kijana aliyemaliza chuo alipangiwa kazi na Serikali. Wazazi wengi wa leo walilelewa katika imani hiyo: soma, faulu, utapangiwa. Utaratibu huo umekwisha. Hata mwalimu, ambaye hapo awali alisubiri kutajiwa kituo, leo huomba nafasi kwa mfumo wa kielektroniki wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na kufanyiwa usaili pamoja na wenzake wengi.

Mji wa Morogoro unao ushuhuda mwingine. Katika miaka ya 1970 na 1980 ulijengewa viwanda vya viatu, ngozi, turubai na bidhaa nyinginezo, navyo vilionekana kuwa tegemeo la ajira kwa vizazi vijavyo. Kiwanda cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, hakikuwahi kukaribia uwezo wake wa uzalishaji na hatimaye kilifungwa. Miaka ya 1990 ilileta ubinafsishaji na kupunguzwa kwa wafanyakazi. Baba aliyejifunza kuendesha mashine moja tu alijikuta nje ya lango akiwa na ujuzi ambao hakuna aliyeuhitaji.

Wakati huohuo idadi ya watu imeongezeka. Sensa ya mwaka 2012 iliuhesabia Mkoa wa Morogoro watu takriban milioni 2.2, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu takriban milioni 3.2. Katika miaka kumi tumeongezeka karibu watu milioni moja, na ni dhahiri kwamba ofisi za umma haziwezi kuongezeka kwa kasi hiyo. Aidha, treni ya umeme iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 imebadilisha mwenendo wa abiria na biashara. Miamala ya simu imebadilisha namna ya kulipana. Na programu za kompyuta zinafanya sehemu ya kazi zilizofanywa na makarani. Kila badiliko hufunga mlango mmoja na kufungua mwingine, na aliyejiandaa ndiye huuona ule uliofunguka.

Kutazama, Kupambanua na Kutenda

Padre Joseph Cardijn, aliyeanzisha chama cha Vijana Wafanyakazi Wakristo nchini Ubelgiji mwaka 1925 na baadaye kuwa Kardinali, aliwafundisha vijana wa viwandani njia ya hatua tatu: kutazama hali halisi, kuipambanua kwa mwanga wa Injili, na kutenda. Vijana wetu wa VIWAWA wanaifahamu njia hii. Tunaona kwamba inafaa sana katika kupanga kazi.

Kutazama ni kuhesabu gharama. Katika Injili, Kristo Yesu anamsema mtu atakaye kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu kama anacho cha kuumalizia (Lk 14:28-30). Familia inayotaka kumpeleka mtoto chuoni iketi vivyo hivyo na kalamu na karatasi. Ada ni kiasi gani kwa miaka yote? Malazi, chakula na nauli je? Chuo na kozi vimesajiliwa na kutambuliwa na mamlaka husika? Waliohitimu kozi hiyo miaka miwili iliyopita wako wapi leo? Swali hili la mwisho halihitaji utafiti mkubwa. Wahitimu watatu au wanne wakiulizwa kwa unyofu watasema mengi kuliko tangazo la chuo. Anayetegemea Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu akumbuke pia kwamba mkopo ni deni, na kwamba mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi atakapolimaliza.

Kupambanua ni kujiuliza kwa sala na kwa ukweli. Kijana anaweza kufanya nini vizuri kuliko wenzake? Ni kazi gani anaifanya bila kusukumwa? Jirani zake wana shida gani ambayo anaweza kuitatua na wakawa tayari kumlipa? Methali yetu husema mchagua jembe si mkulima, na mara nyingi hutumiwa kumnyamazisha kijana anayeuliza maswali. Lakini methali hiyo inamkemea mvivu; haimkatazi mtu kuchagua shamba. Mkulima wa Uluguru hapandi mdalasini mahali panapofaa kabichi, wala kabichi mahali panapofaa mdalasini, na hakuna anayemwita mvivu kwa sababu hiyo.

Kutenda ni kuchukua hatua ndogo yenye tarehe. Mpango usio na tarehe hubaki kuwa tamanio. Tunashauri kijana aandike mambo matatu: ujuzi atakaoupata ndani ya mwaka mmoja, kazi itakayompatia riziki wakati anajifunza, na njia ya pili endapo ile ya kwanza itafungwa. Kisha kila mwaka, labda katika kipindi cha Majilio, apitie maandishi yake na kuyarekebisha.

Njia Zilizo Wazi Kwetu

Wapo watakaofuata masomo ya chuo kikuu, na Morogoro imebarikiwa kuwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Chuo Kikuu Mzumbe na Chuo Kikuu Kishiriki cha Jordan. Lakini chuo kikuu ni njia mojawapo tu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imeweka katika elimu ya sekondari mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na utekelezaji wake ulianza mwaka 2024. Mwanafunzi wa mkondo wa amali hujifunza fani pamoja na masomo ya kawaida. Tunawasihi wazazi wasiuone mkondo huu kama adhabu ya walioshindwa. Mtume Paulo, msomi wa Torati, alikuwa fundi wa kushona mahema na alijipatia riziki kwa mikono yake (Mdo 18:3), na Mwana wa Mungu mwenyewe alilelewa katika nyumba ya seremala.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, hutoa mafunzo kwa ngazi tatu. Ipo pia huduma ambayo waamini wengi hawaitambui: urasimishaji wa ujuzi. Fundi mwashi, seremala, fundi magari au mpishi aliyejifunza kazini bila kuingia darasani anaweza kupimwa na kupewa cheti kinachotambuliwa. Kwa baba wa miaka arobaini mwenye ujuzi lakini asiye na karatasi, cheti hicho kinaweza kuwa tofauti kati ya kibarua na mkataba.

Kuhusu kilimo, wapo vijana wanaokiona kama mahali pa kurudi baada ya kushindwa mjini. Mgeta inatufundisha vingine. Kabichi, karoti, viazi na njegere za huko hufika Soko Kuu la Chifu Kingalu na masoko ya Dar es Salaam. Na mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei, walioletwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sokoine katika miaka ya 1980, wameziongezea familia lishe na kipato. Matombo na Kinole zinatoa ndizi, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Kinachopungua mara nyingi ni ujuzi unaozunguka zao: kutunza hesabu, kukausha na kufungasha, kutafuta soko kabla ya kuvuna, kuhifadhi udongo katika miteremko na kulinda vyanzo vya maji vinavyoulisha mto Ruvu. Kijana aliyesoma anaweza kuifanya kazi hiyo akiwa mlimani, na shamba la ukoo likabaki la ukoo.

Tahadhari Muhimu

Penye kiu ya kazi hapakosi matapeli. Maombi ya ajira za umma hayalipiwi. Mtu anayedai fedha ili jina liingizwe kwenye orodha ni mwizi, hata akiwa amevaa suti na kutaja majina ya wakubwa. Kazi za ng'ambo ziulizwe mara mbili: nani mwajiri, mkataba uko wapi, na je, umeandikwa kwa lugha inayoeleweka? Hati ya kusafiria isikabidhiwe kwa mtu mwingine aishike.

Aidha, aliyepata kazi ajue haki zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya mwaka ya siku 28. Nanyi waamini mnaoajiri, hata kama ni binti mmoja wa kazi za nyumbani au kijana wa kuchunga ng'ombe, kumbukeni kwamba kumnyima mfanyakazi ujira wake ni miongoni mwa dhambi ambazo Maandiko Matakatifu yanasema kilio chake humfikia Bwana.

Wajibu wa Familia na Jumuiya

Kijana hawezi kupanga peke yake. Katika mila za Waluguru mjomba ana sauti katika mambo ya ukoo, na sauti hiyo inaweza kujenga au kuvunja. Tunaomba wazazi na wajomba wamsikilize kijana kabla ya kumwamulia, na kijana naye awasikilize wao kabla ya kukata tamaa nao. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinaweza kutenga kikao kimoja kwa mwaka kwa ajili ya suala hili, kuwaalika wanajumuiya wenye fani mbalimbali waeleze ukweli wa kazi zao, mazuri na magumu yake. Fundi mmoja wa jumuiya akikubali kumpokea kijana mmoja na kumfundisha, tayari jambo kubwa limefanyika. WAWATA na UWAKA wanao uzoefu wa kuweka na kukopeshana. Uzoefu huo unaweza kumnunulia kijana seti ya kwanza ya vifaa vya kazi.

Zaidi ya yote, tusiwakimbie waliokwama. Kijana aliyehitimu na kukaa nyumbani miaka miwili huacha kwanza kuhudhuria jumuiya, kwa kuchoshwa na swali la "umepata kazi?" Tumuulize badala yake anaendeleaje, anajifunza nini, na tunaweza kumsaidiaje. Baba Mtakatifu Francisko, katika Wosia wa Kitume Christus vivit wa mwaka 2019, aliwatia moyo vijana wanaolazimika kupokea kazi yoyote iliyopo kwamba wasizike kabisa ndoto na wito wao. Talanta iliyofukiwa ardhini bado ni talanta (Mt 25:14-30), na huenda inangoja mtu wa kumsaidia mwenyewe kuifukua.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ambaye sikukuu yake ya tarehe 1 Mei iliwekwa na Papa Pio XII mwaka 1955, alihama nchi na familia yake akiwa na ufundi mikononi. Tuwaweke vijana wetu chini ya maombezi yake, kisha, kabla ya matokeo yajayo kutangazwa, tuketi nao mezani na kalamu na karatasi.