Ghala Kwanza, Bati Baadaye

Maporomoko ya tope yalipoifunika Katesh, chini ya mlima Hanang, Desemba 3, 2023, watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Serikali ikawajengea waliobaki bila makazi nyumba zaidi ya 100 huko Waret. Kazi ya kusifiwa. Ila sisi wa mipango ya makazi tunajua kwamba nyumba ndiyo sehemu nyepesi: ina ramani, ina mkandarasi, ina siku ya kukabidhi funguo. Kazi ngumu ni mwaka unaofuata, watu wanapojiuliza watakula nini, na nani ataamua.

Hapa Ruvuma swali hilo lilijibiwa zamani. Katika karne ya 19 Wamatengo walipanda milima ya Mbinga wakiwakimbia Wangoni (babu zetu sisi wa Songea, tukubali tu), wakajikuta kwenye miteremko ambayo mvua moja ingeweza kusomba shamba zima. Wakabuni ngoro. Nyasi hufyekwa, zikapangwa kwa miraba, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kuzifukia. Kinachobaki ni shimo lenye matuta pande nne. Maharage hukaa juu ya tuta, mahindi hufuata msimu mwingine. Shimo hunasa maji na udongo, nazo nyasi huoza zikawa mbolea. Hakuna mfadhili aliyeleta hayo.

Litowa, wilayani Songea, ni somo jingine. Mwaka 1960 vijana wa TANU, akiwemo Ntimbanjayo Millinga, waliingia porini kuanzisha kijiji. Jaribio la kwanza lilivunjwa na uhaba wa chakula. Walirudi wakiwa wamejipanga, na vijiji vilivyowafuata vikaungana katika Chama cha Maendeleo Ruvuma, chenye shule yake, kinu chake cha nafaka na mashine ya kupasua mbao. Mambo yaliamuliwa mkutanoni na wanakijiji wenyewe. Septemba 1969 TANU ilikivunja chama hicho. Kwangu, lilikuwa kosa kubwa.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji. Kama kijijini kwako kamati hiyo ipo, iulize kabla mvua hazijaanza: ghala liko wapi, na ufunguo anao nani?