Matokeo na Mapendekezo: Ushahidi wa Kitafiti katika Sera ya Lugha ya Kufundishia nchini Tanzania

Aghalabu hudaiwa kwamba sera za umma huwa dhaifu kwa sababu watunga sera hukosa tafiti. Historia ya lugha ya kufundishia katika shule za sekondari nchini Tanzania inadhihirisha tatizo tofauti: tafiti zilikuwapo, zilikubaliana kuhusu hali halisi, lakini zilipendekeza njia zinazopingana.

Mwaka 1978, Penina Mlama na May Matteru waliwasilisha kwa Baraza la Kiswahili la Taifa utafiti uliobaini kwamba wanafunzi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo yao, wakapendekeza Kiswahili. Mwaka 1982, Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika Kidato cha Kwanza mwaka 1985. Mwaka 1984, Clive Criper na William Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi, nao wakabaini kuwa kiwango chake hakikidhi mahitaji ya kujifunzia. Hata hivyo, walipendekeza Kiingereza kiendelee na kiimarishwe. Pendekezo la Tume halikutekelezwa, na baadaye ukafuata mradi wa kuimarisha Kiingereza uliofadhiliwa na Uingereza.

Tofauti hiyo haikutokana na data. Matokeo ya utafiti hueleza hali ilivyo. Pendekezo huhitaji pia msimamo kuhusu lengo linalotakiwa, gharama inayokubalika na muda wa kusubiri. Jaribio la lugha laweza kuonyesha kwamba mwanafunzi haelewi kitabu. Haliwezi, peke yake, kuamua iwapo kinachopaswa kubadilishwa ni lugha ya kitabu au umahiri wa msomaji. Pale msimamo huo usipotajwa bayana, uamuzi wa kisiasa huvikwa vazi la sayansi, na mjadala hugeuka kuwa ushindani wa ripoti.

Kwa washauri wa sera, mambo matatu yanafuata. Kwanza, muhtasari unaopelekwa kwa mtoa maamuzi utenganishe matokeo na mapendekezo, na utaje dhana inayounganisha hayo mawili. Pili, kila pendekezo liambatane na kigezo cha kulipima: iwapo Kiingereza kinaimarishwa, au Kiswahili kinaanza kutumika, ni kiwango gani cha uelewa kinatarajiwa, na baada ya miaka mingapi sera itahesabiwa kuwa imeshindwa? Tatu, ibainishwe ni nani anayebeba gharama ya kungoja.

Jambo hili la tatu ndilo zito zaidi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote, huku Kiingereza kikiendelea kutumika. Miongo mitatu ilikuwa imepita tangu ripoti ya Criper na Dodd. Serikali yaweza kuahirisha uamuzi kwa muda huo wote. Mwanafunzi aliyeingia Kidato cha Kwanza mwaka 1985 hakuweza kuahirisha mtihani wake.