Kosa Limezaliwa Wapi?

Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, orodha ya abiria ilikuwa na majina ya daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu hawakuandikwa. Hadi leo idadi ya marehemu hutajwa kwa makadirio.

Wiki mbili baadaye, tarehe 4 Juni, roketi ya Ariane 5, isiyo na mtu ndani, iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikalipuka kabla ya dakika moja kwisha. Wachunguzi walioongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions walitoa ripoti mwezi uliofuata, wakitaja hata sehemu ya programu iliyokosea: ile ya kusawazisha mitambo ya mwelekeo, iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Ilijaribu kuingiza namba ya biti 64 kwenye nafasi ya biti 16, namba ikazidi nafasi. Tena kazi yake haikuhitajika roketi ikishapaa! Walijua hayo kwa kuwa kompyuta iliandika hali ya kosa kwenye kumbukumbu ya kudumu, nayo ikaokotwa kwenye mabaki.

Hata programu ndogo huhitaji kumbukumbu kama hiyo. Tuchukue mfano wa programu ya kupimia sangara mwaloni Igombe. Metodi pokeaMzigo inaita hesabuMalipo, nayo inaita somaUzito. Karani ameandika “45,5” badala ya “45.5”, na somaUzito inashindwa kuisoma namba. Kama aliyedaka kosa ameandika tu “malipo yameshindikana”, fundi atakesha akiichunguza hesabuMalipo, ambayo haina hatia.

Java huhifadhi pamoja na kosa safu nzima ya miito: juu kabisa metodi iliyovunjika na namba ya mstari, chini yake iliyoiita, hivyo hivyo mpaka mwanzo. Python huipanga kinyume, penye kosa pakiwa mwishoni. Lakini usiishie kwenye jina la juu. Hapa somaUzito ndiyo iliyovunjika, ila namba ilipaswa kukaguliwa tangu inapokelewa, na safu ya miito ndiyo inayokuonyesha njia iliyopitia hadi hapo.

Safu hiyo hupotea kwa urahisi mno: mtu anaandika ujumbe peke yake, au anarusha kosa jipya bila kubeba la awali.

Ewe unayeandika programu, kabidhi kumbukumbu kosa lote, pamoja na chanzo chake na thamani iliyolileta. Na kosa usiloweza kulitatua usilidake; liache lipande hadi kwa anayeliweza.