Jinsi Vitenzi vya Kiingereza Vinavyobeba Wajibu

Kiingereza hakina neno moja linalotosha kueleza kila aina ya wajibu. Kazi hiyo imegawanywa kwa kundi la vitenzi, na kila kitenzi kina uzito wake, tabia yake ya kisarufi, na namna yake ya kudokeza amri imetoka wapi. Vinavyojulikana zaidi ni "must", "have to", "should", "ought to" na "need". Nyuma yake kuna "shall", "had better", "be supposed to" na "be to". Mzungumzaji wa Kiswahili huelekea kuvifasiri vyote kwa "lazima". Katika sentensi za kawaida neno hilo linaweza kumfikisha, lakini likija suala la kukanusha au la wakati uliopita, linamwangusha.

"Must" ni kitenzi kisaidizi cha jadi. Hakipokei "s" ya nafsi ya tatu, hakifuatwi na "to", na hakihitaji "do" ili kuuliza au kukanusha. Husemwa "she must go", wala si "she musts go" au "she must to go". "Have to" ni kinyume chake, kwa sababu huenenda kama kitenzi cha kawaida na kukubali kila njeo: "she has to go", "does she have to go?", "she had to go", "she will have to go". "Must" haina umbo la wakati uliopita wala la wakati ujao, kwa hiyo kila inapokwama, "have to" huitwa kuziba pengo.

Upungufu huo una historia. Katika Kiingereza cha Kale, yaani kile cha kabla ya mwaka 1100 hivi, kulikuwa na kitenzi "motan" kilichomaanisha kuruhusiwa au kuweza kufanya jambo. Umbo lake la wakati uliopita lilikuwa "moste". Karne zilivyopita, umbo hilo lilianza kutumika kwa wakati uliopo, na maana yake ikahama kutoka ruhusa kwenda lazima. "Must" ya leo imetoka huko. Kwa kuwa yenyewe ilikuwa tayari njeo iliyopita, haikupata nyingine. "Should" nayo ni umbo la zamani la "shall", ambayo mzizi wake ulihusu kudaiwa, na "ought" ina asili moja na "owe", kitenzi cha kuwa na deni. Waingereza wa kale waliuona wajibu kama deni ambalo mtu hajalilipa. Mswahili anayesema kwamba anawiwa kutoa shukrani amepita njia hiyo hiyo.

Tofauti ya maana kati ya "must" na "have to" iko zaidi katika chanzo cha amri. Kwa kawaida "must" hubeba mamlaka ya msemaji mwenyewe, au msukumo wa nafsi yake. Mama anayemwambia mwanawe "you must finish your homework" anatoa agizo lake. Mtoto akimweleza rafiki yake kwa nini hawezi kutoka kucheza, atasema "I have to finish my homework", kwa sababu amri imetoka kwa mwingine na yeye anairipoti tu. Mpaka huu haukuchorwa kwa wino. Kwa Wamarekani hasa, "have to" na "have got to" zimechukua karibu kazi yote ya wajibu katika mazungumzo, na "must" imebaki kwenye mabango, kanuni na hotuba. Hata hivyo "must" ina upande wa ukarimu ambao vitabu vingi vya shule havitaji. Mwenyeji anayesema "you must come and eat with us" hamlazimishi mtu. Anamsihi kwa moyo mkunjufu.

Daraja moja chini ya lazima zipo "should" na "ought to", ambazo hushauri na kueleza lililo sahihi bila kufunga mlango. "You should see a doctor" ni sawa na kusema yafaa umwone daktari, na anayeambiwa anaweza kukataa. "Ought to" ina maana karibu ile ile, ila inasikika nzito kimaadili na imekuwa adimu. "Had better" inahitaji tahadhari zaidi. Kwa kuwa ina neno "better" ndani yake, wanafunzi wengi huidhania ni ushauri laini kama "ni afadhali". Kumbe inabeba onyo: usipofanya, kuna baya litakalokupata. Polisi anaweza kumwambia dereva "you had better move that car". Kijana akimwambia mzee wake "you had better sit down" amemkosea adabu, hata kama nia yake ilikuwa kumpa kiti.

"Be supposed to" hueleza matarajio au utaratibu uliowekwa, na mara nyingi huacha harufu ya mambo kutokwenda ilivyopangwa. Anayesema "the bus is supposed to leave at six" tayari ameanza kulitilia shaka basi. "Be to" ni ya ratiba rasmi na maagizo ya ofisini, na waandishi wa habari huipenda kwa ufupi wake.

Pagumu kuliko pote ni kwenye kukanusha. Katika sentensi za kukubali, "must" na "have to" zinakaribiana sana. Zikikanushwa zinaachana kabisa. "You must not take this medicine on an empty stomach" ni katazo: usimeze dawa hii kabla ya kula. "You don't have to take this medicine on an empty stomach" inamwambia mgonjwa kwamba si lazima awe na njaa anapoimeza, lakini akipenda hakuna ubaya. Sentensi ya kwanza inafunga na ya pili inafungua. Kiswahili kina tofauti hii waziwazi, kati ya "usifanye" na "si lazima ufanye", kwa hiyo tatizo la mwanafunzi si kuelewa maana. Tatizo ni kwamba amefundishwa "must" na "have to" kuwa pacha, na hakuna aliyemwonya kwamba pacha hao hutengana mbele ya "not". "Needn't" na "don't need to" zimo upande wa "don't have to": zinaondoa wajibu, hazikatazi.

Wakati uliopita una mtego wake pia. Wajibu uliotimizwa husemwa kwa "had to": "we had to walk" maana yake ilitubidi kutembea, na kweli tulitembea. "Should have" husema kinyume: "you should have called" ni lawama, ulipaswa kupiga simu na hukupiga. "You needn't have cooked" humwendea mtu aliyekwisha kupika bure, ilhali "you didn't need to cook" haisemi kama alipika au la. "Must have" kwa kawaida haihusiki na wajibu. "He must have left" haina maana kwamba alilazimika kuondoka, bali ni hitimisho la msemaji: bila shaka ameondoka. Kwa maana hii ya kukisia kwa uhakika, mzungumzaji wa Kiswahili ana msaada nyumbani, kwani "lazima atakuwa ameondoka" hufanya kazi hiyo hiyo. La kukumbuka ni kwamba ukanusho wa kisio hilo ni "can't", si "mustn't". Asiyeamini kwamba mtu ameondoka husema "he can't have left".

Vitenzi hivi havisimami mahali pamoja. Wanaisimu waliolinganisha mikusanyo miwili ya maandishi ya Kiingereza cha Uingereza, mmoja wa mwaka 1961 na mwingine wa 1991, kila mmoja ukiwa na maneno takriban milioni moja, walikuta matumizi ya "must" yamepungua kwa karibu asilimia 29, na "shall" na "ought to" zimeporomoka zaidi ya hapo. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba jamii imepunguza kustahimili sauti ya bwana anayeamuru, na "have to" humpa msemaji nafasi ya kuelekeza amri kwa hali ya mambo.

Katika maandishi ya kuendesha mambo, hata hivyo, uzito wa kila kitenzi hupimwa kwa makini. Wahandisi wa intaneti walitoa mwaka 1997 waraka unaojulikana kama RFC 2119 kwa ajili hiyo tu: "must" ni sharti lisilo na mjadala, "should" ni pendekezo linaloweza kuachwa kwa sababu nzito iliyopimwa, na "may" ni hiari. Wanasheria kwa desturi wametegemea "shall". Nchini Tanzania, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inaeleza katika kifungu cha 53 kwamba "shall" ikitumika kumpa mtu jukumu, jukumu hilo ni lazima litekelezwe, na kwamba "may" huacha uamuzi mikononi mwa mhusika.

Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kufasiri sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza ikawa kubwa. Desturi ya uandishi wa sheria kwa Kiswahili, inayoonekana hata katika Katiba ya 1977, ni kuibeba "shall" kwa "-ta-" ya wakati ujao. Mwanasheria aliyezoea huisoma kama amri. Mwananchi wa kawaida anaweza kuisoma kama utabiri wa jambo litakalotokea baadaye. Wafasiri wa sheria hawana budi kuipima kila "shall" wanayokutana nayo, na pale inapomfunga mtu kutenda, waiandike kwa "lazima", "sharti" au "atapaswa", ili anayedai haki yake aione kwa macho yake mwenyewe.