Mtindo Usio na Uzio

Wanangu, chukueni ubao mmoja wa hadibodi, ule wa kupigilia dari. Urefu wake futi nane, upana futi nne. Mkiukata bila kupoteza hata chembe, mtapata vipande vinane, kila kimoja futi mbili kwa futi mbili. Pakeni kila kipande rangi moja ya mafuta, ile inayong'aa ya kupakia baiskeli, mkiache kikauke. Kisha katikati mchoreni mnyama mmoja tu, chui labda, au ndege mwenye shingo ndefu. Mjazeni madoadoa, mpeni jicho kubwa la mviringo. Hapo mtakuwa mmefanya kazi aliyoianza Edward Saidi Tingatinga huko Msasani, Wilaya ya Kinondoni, mwaka 1968.

Huyu mzee hakusomea uchoraji popote. Alizaliwa Tunduru, kusini mwa nchi, miaka ya 1930. Akaenda Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, halafu akaja Dar es Salaam kutafuta maisha kama walivyokuja babu zenu wengi. Akafanya kazi za ndani kwa Wazungu, akafanya vibarua, akachora. Picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, kwa sababu mitaa ile ilijaa wageni: mabalozi, wataalamu, watu wenye fedha ya kununua kitu cha kutundika ukutani. Alipoona zinakwenda, akawaita ndugu na jamaa zake wajifunze. Ndio kina January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Omari Amonde, Ajaba Abdallah na Simon Mpata. Walijifunza kwa kukaa karibu naye na kutazama mkono wake.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu waliyekuwa wakimtafuta. Akafariki dunia. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Hebu mkae na jambo hilo kidogo. Mnayo kazi ya mikono, mnao wateja, na jina linaloanza kujulikana, lakini mwenye jina hayupo tena. Wanafunzi wake wangeweza kutawanyika, na wapo waliokwenda njia yao. Mpata alihamia Nairobi na kupata sifa huko. Waliobaki wakaendelea kuketi palepale Oysterbay na kuchora. Wakafundisha wengine, wale wengine wakafundisha wengine tena, na mwaka 1990 wakasajili Chama cha Ushirika cha Sanaa za Tingatinga. Chama hicho kipo mpaka leo, na kwa vikundi vya sanaa hilo si jambo la kawaida. Vingi hufa pamoja na mwanzilishi.

Kwa nini hiki hakikufa? Watu husema ni kwa sababu walishika mila ya mwalimu wao. Mimi naona ni kwa sababu waliibadilisha.

Tazameni habari ya hadibodi. Ni nzito, na kona zake hukatika upesi. Mgeni anayepanda ndege kesho hawezi kuukunja ubao wa futi mbili na kuutia kwenye sanduku. Kwa hiyo wachoraji wakaanza kuwamba kitambaa cha pamba kwenye fremu ya mbao, wanachora, rangi ikishakauka wanakibandua na kukiviringisha. Mteja anakwapua simba wake na kuondoka.

Ukisikia hivyo utadhani ni jambo dogo. Lakini fikirini yule fundi aliyechora juu ya hadibodi kwa miaka mingi. Hadibodi ni ngumu na uso wake ni laini, brashi inateleza yenyewe. Kitambaa kinanywa rangi, kinanesa chini ya mkono, kinataka kupakwa kwanza kikakauka ndipo uanze. Fundi anayesifiwa kwa mstari wake mnyoofu anajikuta mstari unapinda kama wa mwanafunzi. Inahitaji moyo, ukiwa tayari unaitwa mwalimu, kukubali kuharibu mbele ya vijana.

Na kuna jambo ambalo nadhani hawakulitarajia. Kitambaa hakina sababu ya kuwa na pande nne sawa. Unaweza kukikata kirefu kama benchi, au kipana kama kitanda. Nafasi ilipopanuka, mnyama mmoja alionekana mpweke, basi likaja kundi zima, ukaja mto, kijiji, soko, hospitali yenye foleni ya wagonjwa. Mohamed Charinda akachora visa vizima, picha ambayo unaisoma kama hadithi. David Mzuguno akarundika majani juu ya majani na ndege ndani ya maua hadi jicho linakosa pa kupumzikia. Ukiweka kazi zao karibu na chui wa mwaka 1968 utaona ukoo ni mmoja, ila wajukuu wana sura zao. Wengine wakahamishia mtindo huo kwenye sinia, sahani na mabakuli, kwa mgeni ambaye mfuko wake haufiki kwenye picha kubwa.

Sasa ngoja niwaulize: nani aliwaamuru? Hakuna. Katika ushirika mwenyekiti huchaguliwa na wanachama. Hawezi kumwambia mwenzake, kesho chora hivi. Kuongoza watu wa namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kuongoza kiwanda, maana kiwandani unaweza kutoa amri na mashine zikabadilishwa. Hapa kila mtu ana brashi yake na fikra zake.

Kinachowasaidia ni kwamba wanafanya kazi mahali pamoja. Kijana akijaribu rangi mpya ya anga, jirani yake anaiona kabla haijakauka. Hakuna haja ya mkutano. Lakini mpangilio huohuo una hatari, na hili ndilo ningependa mlielewe vizuri. Mlima Kilimanjaro wenye tembo watatu ukiuzwa vizuri wiki hii, wiki ijayo kila fundi anao. Mgeni anaingia, anaona milima kumi iliyofanana, anapunguza bei kwa sababu ana pa kuchagua. Kitu kilicholeta chakula jana ndicho kinachokipunguza leo. Kiongozi mwema katika mahali kama hapo ni yule anayemtetea mwenzake mmoja anayechora kitu ambacho bado hakijauzwa. Anampa ukuta mzuri wa kutundika, anamwambia mteja asubiri kidogo aitazame na hii. Nawaheshimu sana watu wa namna hiyo, kwa sababu hakuna anayewapigia makofi siku wanapofanya hivyo.

Tena hawana kinga nyingine dhidi ya waigaji. Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na inalinda picha uliyoichora wewe. Mtindo wenyewe haulindwi, hapa wala nchi nyingine. Ndiyo maana mtakuta picha za Tingatinga Unguja, Arusha hata Nairobi, nyingine zikiwa zimechorwa na watu wasiowahi kukanyaga Msasani. Mwaka 2010 kituo cha watoto cha BBC kilianza kuonyesha katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi, zenye wanyama waliojaa madoa na macho makubwa. Watoto wa mbali waliujua mtindo huu bila kujua kwamba kuna mzee wa Tunduru aliyeuanzisha. Inauma. Hata hivyo mwiga anaweza kuiga picha ya jana tu; hawezi kuiga ile ambayo fundi wa Oysterbay bado hajaichora. Huo ndio uzio pekee walio nao.

Mwaka 2020 ulipokuja ugonjwa wa korona, ndege zikasimama na watalii wakaadimika dunia nzima. Duka linalomtegemea mgeni likajua maana yake. Hapo likajitokeza swali ambalo lilikuwepo tangu enzi za Morogoro Stores: kwa miaka zaidi ya hamsini picha hizi zimechorwa na watu wetu, ila ni chache sana zilizotundikwa sebuleni kwetu. Ukienda Mwananyamala, ukienda Tandika au Mbagala kule Temeke, ukutani utakuta kalenda, picha ya harusi, nembo ya Simba au Yanga. Chui wa Tingatinga hayupo.

Mimi naamini badiliko lijalo liko hapo. Mtoto wa Tandika hajamwona kifaru, lakini anaijua bajaji, anamjua mama ntilie na moshi wa mihogo ya kukaanga, anakijua kivuko cha Kigamboni saa moja asubuhi. Macho makubwa na rangi zinazong'aa zingevipokea vyote hivyo. Wapo mafundi walioanza kuchora daladala na mitaa, na ningependa wasikie kutoka kwenu. Duka lao liko Barabara ya Haile Selassie, na hakuna anayelipishwa kuingia na kutazama. Nendeni siku ya Jumamosi, mwamkieni fundi, muulizeni amefundishwa na nani na huyo naye alifundishwa na nani. Halafu mwambieni ni kitu gani cha mtaani kwenu ambacho hamjakiona ukutani kwake.