Je, Wajua? Uvimbe Hujitafutia Damu

Saratani ya Kaposi, inayojulikana kwa madoa ya zambarau kwenye ngozi, huanzia kwenye seli zinazotanda ndani ya mishipa. Huwapata zaidi wenye UKIMWI, ugonjwa ulioripotiwa kwa mara ya kwanza Tanzania mwaka 1983 mkoani Kagera. Kirusi cha saratani hiyo, kilichogunduliwa mwaka 1994, huzifanya seli zimwage VEGF, protini inayochipusha mishipa mipya ya damu. Mtafiti Judah Folkman wa Boston alidai mwaka 1971 kuwa uvimbe usipopata mishipa mipya hudumaa, na wengi walimbeza. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake waliitenga VEGF yenyewe. Kwa wenye UKIMWI, madoa ya Kaposi yakiwa machache mara nyingi hufifia kwa ARV, dawa za kufubaza VVU, tu.