Je, Wajua? Bingwa wa Ulaya alitoka Muthurwa

Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya ni kijana wa Eastlands, Nairobi. McDonald Mariga alikulia Muthurwa, akasoma Kamukunji High na kuchezea Tusker kabla ya kwenda Uswidi, kisha Parma ya Italia.

Januari 2010 ilibaki kidogo tu atue Manchester City. Kibali cha kazi kikaleta matata, Waziri Mkuu Raila Odinga mwenyewe akaingilia kati, lakini wapi! Dili likavunjika. Kukosa huko kukawa heri, maana Inter Milan walimnyakua, na Mei 22 mwaka huohuo alikuwa benchi jijini Madrid Inter ikiilaza Bayern Munich 2-0 kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa na kutwaa kombe. Hakuingia uwanjani fainali hiyo, ila medali ni medali.

Nyumba ya kina Mariga ina vipaji kupindukia. Baba, Noah Wanyama, alisakata soka AFC Leopards. Dada, Mercy, ni wa mpira wa kikapu. Mdogo wake Victor, akiwa Celtic, aliifunga Barcelona kwa kichwa Novemba 7, 2012, wakashinda 2-1.

Desemba 2024 Mariga alichaguliwa naibu rais wa Shirikisho la Soka Kenya (FKF).